Kuendesha iMac ya zamani kwa SSD ya nje

iMac ya inchi 21.5, kompyuta ya mezani ya Apple ambayo mashine yote imo nyuma ya skrini, huzeeka vizuri, isipokuwa mahali pamoja. Skrini yake bado inapendeza, spika zinatosha chumba, na prosesa yake ya Intel inamudu barua, hesabu za duka, picha na hata video za kawaida. Kinachoifanya igande kila unapofungua programu ni diski ngumu iliyomo ndani, ile inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Apple iliendelea kuiweka kwenye matoleo ya bei ya chini tangu mwisho wa 2012 hadi toleo la 2019. Ukiihamishia mashine hiyo kwenye SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, watu watakuuliza umenunua lini nyingine.

Tatizo la diski hiyo haliko katika kusoma faili moja kubwa. Hapo hufikisha kama megabaiti 100 kwa sekunde, na hakuna anayelalamika. Taabu ni kwamba mfumo unapowaka unahitaji maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kinailazimu sindano ya diski ihame na kusubiri sahani izunguke. Ni kama karani mmoja anayetumwa stoo kuleta majalada elfu, moja moja. Diski ya aina hiyo haifikishi hata safari mia moja kwa sekunde. SSD ya kawaida hufanya maelfu kwa maelfu. Tena kuanzia toleo la Mojave la macOS, mfumo endeshi wa Apple, mfumo hugeuza muundo wa diski kuwa APFS, muundo uliobuniwa kwa ajili ya SSD, na diski za kuzunguka hulemewa zaidi. Ndiyo maana iMac iliyokuwa nyepesi mwaka ilipotoka ikawa nzito baada ya kusasishwa.

Kwa nini SSD ya nje na si ya ndani? Kwa sababu ya gundi. Tangu toleo la mwisho wa 2012, kioo cha iMac kimegundishwa kwenye mwili wa mashine kwa ukanda unaozunguka pembe zote. Kuifikia diski ni lazima uikate gundi hiyo, uing'oe skrini pamoja na nyaya zake nyembamba, kisha uirudishe kwa ukanda mpya. Fundi mwenye uzoefu anaifanya kazi hiyo vizuri. Mkono ukiteleza kioo kinapasuka, na hapo gharama ya kioo inaweza kuizidi thamani ya mashine yote. SSD ya nje haihitaji hata bisibisi.

Kama kompyuta yako ni mnara wa kawaida, Dell OptiPlex au HP ya ofisini, mwongozo huu haukuhusu. Fungua ubavu, chomeka SSD ya SATA (muunganisho wa kawaida wa diski za ndani) ndani, umemaliza. Isitoshe, Windows hukataa kusakinishwa kwenye diski ya USB kwa njia ya kawaida, na ile njia rasmi ya Windows To Go Microsoft iliiondoa mwaka 2020. Linux haina ubaguzi huo. Inakubali diski ya nje bila maswali.

Ijue mashine yako kwanza

Bofya tufaha lililo juu kushoto, chagua "About This Mac", usome mwaka. Mwaka huo unaamua mambo mawili: kasi ya matundu ya USB na toleo la mwisho la macOS ambalo mashine inalikubali.

iMac za mwisho wa 2012 ndizo za kwanza kuwa na USB 3.0, yenye mwendo wa gigabiti 5 kwa sekunde. Kwa matumizi halisi unapata kama megabaiti 400 kwa sekunde, na hizo zinatosha kabisa. Za 2017 na 2019 zina pia matundu ya USB-C yanayobeba mara mbili ya hapo. Za 2011 kurudi nyuma zina USB 2.0, ambayo haivuki megabaiti 40 hivi kwa sekunde. Kwa hizo sikushauri njia ya USB. Afadhali kuzifungua, maana kioo chao kimeshikwa kwa sumaku tu, hakuna gundi.

Kuhusu macOS: iMac za 2012 na 2013 zinaishia Catalina, za 2014 zinaishia Big Sur, za mwisho wa 2015 zinaishia Monterey, za 2017 Ventura, na za 2019 Sequoia. Wapo wanaovuka mipaka hiyo kwa OpenCore Legacy Patcher, programu isiyo ya Apple inayolazimisha matoleo mapya kwenye Mac za zamani. Inafanya kazi, lakini kila sasisho linakuja na mashaka yake, na mashine ya kazi sitaiwekea.

Angalia pia RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukikuta gigabaiti 4, SSD itasaidia lakini haitafanya miujiza. Kwenye iMac ya inchi 27 kuna kimlango cha RAM nyuma. Ya inchi 21.5 haina.

Kununua diski

Una njia mbili. Ya kwanza ni SSD ya nje iliyotengenezwa hivyo kiwandani, kama Samsung T5 au T7. Ya pili ni kununua SSD ya SATA ya inchi 2.5 na kasha lake la USB, ukaiweka mwenyewe. Haichukui hata dakika tano. Njia ya pili mara nyingi ni nafuu, na kasha likifa unabadilisha kasha peke yake. Hakikisha tu kasha linakubali UASP, ambayo ni njia ya kuzungumza na diski kwa amri nyingi kwa pamoja. Kasha lisilo na UASP linakula sehemu nzuri ya kasi uliyoilipia.

Usihangaike na NVMe, aina ya SSD yenye kasi kuliko SATA, kwa iMac za 2012 hadi 2015. Tundu lenyewe ndilo linaloweka kikomo, kwa hiyo utalipia kasi usiyoweza kuitumia, huku baadhi ya makasha ya NVMe yakinyonya umeme na kupata joto kuliko SATA. Kwa za 2017 na 2019 zenye USB-C, NVMe ina maana.

Ukubwa: gigabaiti 500 zinamtosha mtu wa kawaida. Gigabaiti 240 zinawezekana iwapo picha na video utaziacha kwenye diski ya zamani, lakini utaishi ukifuta vitu.

Sasa suala linaloumiza wengi. Sokoni na mtandaoni zimejaa "SSD za terabaiti 2" zinazouzwa kwa bei ya nauli ya daladala. Ndani ya kasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochezewa ili idanganye ukubwa. Kompyuta inaonyesha terabaiti 2, unaijaza, na faili za mwanzo zinafutwa kimyakimya na zinazofuata. Bei ikiwa chini mno kuliko za wenzake, hiyo ndiyo taarifa unayohitaji. Na hata ukinunua mahali unapopaamini, ipime kabla ya kuikabidhi kazi yako: kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac au Linux tumia F3. Zote ni za bure. Zinaijaza diski hadi pomoni, kisha zinasoma upya kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Ifanye siku ileile ya kununua, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Kebo isipuuzwe. Chukua fupi, ikiwezekana ile iliyokuja na diski. Kebo ya kuchajia simu inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado ikaendesha diski kwa mwendo wa USB 2.0, nawe ukadhani SSD ni mbovu.

Nakala, kabla ya chochote

Diski ya kuzunguka yenye umri wa miaka kumi inaweza kufa katikati ya kazi ya kuihamisha, kwa sababu kazi hiyo inailazimu isomwe yote kwa mkupuo. Weka nakala ya Time Machine, programu ya nakala iliyomo ndani ya macOS, kwenye diski nyingine, au walau nakili folda ya nyaraka, picha na kazi za wateja. Kisha fungua "Disk Utility", programu ya diski iliyomo ndani ya macOS, chagua diski ya ndani, utazame mstari wa "S.M.A.R.T. Status". Ikiandika "Verified", endelea. Ikiandika "Failing", acha mengine yote na uokoe faili kwanza.

Kuifomati SSD

Chomeka SSD moja kwa moja nyuma ya iMac, si kwenye habu wala kwenye kibodi. Ndani ya "Disk Utility" bofya "View", kisha "Show All Devices". Hatua hii ndogo watu wanairuka halafu wanashangaa kisakinishi kinawagomea. Bila hiyo unaona kizigeu (sehemu iliyogawanywa ya diski) tu, huioni diski yenyewe iliyo juu yake. Chagua ule mstari wa juu kabisa wenye jina la kifaa, uhakikishe si diski ya ndani, bofya "Erase", ujaze hivi:

Jina: lolote, mradi lisifanane na "Macintosh HD" ya zamani, ukiwa na diski mbili za jina moja utazichanganya.
Format: APFS, kama unaweka High Sierra au toleo la baadaye.
Scheme: GUID Partition Map.

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. SSD nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa ajili ya Windows, na iMac haiwezi kusakinisha macOS juu ya mpangilio huo.

Kusakinisha macOS

Kuna wanaopenda kunakili diski nzima kama ilivyo. Hadi Catalina, programu kama Carbon Copy Cloner zilifanya hivyo bila tabu. Kuanzia Big Sur, Apple imeutia mfumo muhuri wa kidijitali, na nakala ya kuwakia imekuwa jambo la kubahatisha. Mimi napendelea kusakinisha upya na kuhamisha mafaili baadaye, hata kwa mashine za Catalina. Unaanza na mfumo safi, bila uchafu wa miaka.

Pakua kisakinishi kupitia App Store. Apple bado wanatoa matoleo ya zamani kwenye ukurasa wao wa msaada. Catalina ina kama gigabaiti 8, na Big Sur inazidi 12, kwa hiyo bando la simu lifikirie kabla. Kikishuka, kinajifungua chenyewe. Kubali masharti, na kinapotaka kusakinisha kwenye diski ya ndani bofya "Show All Disks", uchague SSD. Hakikisha mara mbili. Kisha kiache. Mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na ule mstari wa muda unadanganya. Ukisema dakika mbili inaweza kuwa kumi na tano. Usizime.

Kama umeme wa kwenu hukatika, fanya kazi hii mashine ikiwa kwenye UPS.

Kisakinishi kikigoma kwa kudai kimeharibika, tazama tarehe ya kompyuta kabla ya kupakua upya. iMac iliyokaa muda mrefu bila umeme inaweza kurudi na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kisakinishi hukagua vyeti vyake kwa tarehe hiyo. Rekebisha saa, jaribu tena. Na kisakinishi cha zamani kilichopakuliwa kabla ya Oktoba 2019 kitupe, kwa kuwa vyeti vya vingi vya wakati huo viliisha muda mwezi huo.

Wenye iMac ya inchi 27 ya 2020 au iMac Pro wana hatua ya ziada. Mashine hizo zina chipu ya T2 inayozuia kuwaka kutoka diski ya nje. Washa huku umeshikilia Command na R, fungua "Startup Security Utility" kwenye menyu ya juu, uruhusu diski za nje. Za kabla ya hapo, hata ile ya 2019, hazihitaji.

Kuhamisha vitu vyako

Mfumo mpya unapowaka mara ya kwanza, utauliza kama unataka kuhamisha data kutoka Mac nyingine, nakala ya Time Machine au diski ya kuwakia. Chagua diski ya ndani. Utaonyeshwa orodha ya akaunti, programu na mafaili yenye ukubwa wake. Hapa ndipo SSD ya gigabaiti 500 inapokutana na diski ya terabaiti 1 iliyojaa filamu. Ondoa alama kwenye vile vizito. Vitabaki ndani na utavifikia kama kawaida.

Acha ifanye kazi usiku. Kasi yake ni ya ile diski ya zamani.

Wanaotoka kwenye matoleo ya kabla ya Catalina wajue jambo moja: Catalina haiendeshi tena programu za biti 32. Office ya 2011 na programu nyingi za Adobe za zamani zitagoma. Kama ofisi yako ya uchapaji inategemea programu ya namna hiyo, weka Mojave kwenye SSD badala ya Catalina. Ni uamuzi wa kawaida katika studio, ingawa Mojave haipati tena masasisho ya usalama, kwa hiyo mambo ya benki yafanyie kwingine.

Kuiambia iwakie kwenye SSD daima

Fungua "System Preferences", kisha "Startup Disk", uchague SSD. Kwenye Ventura na kuendelea ipo ndani ya "System Settings", chini ya "General". Usipofanya hivi, mashine inaweza kukaa na skrini tupu ikitafuta pa kuwakia, au ikarudi diski ya zamani, nawe ukaanza kuulizana na familia nani amefuta picha.

Kwa kuchagua mara moja tu, washa huku umeshikilia Option hadi picha za diski zitokee. Kibodi ya Bluetooth wakati mwingine huchelewa kuungana, kwa hiyo kibodi ya waya iwe karibu.

Kisha nenda "Energy Saver". Ondoa alama kwenye "Put hard disks to sleep when possible", maana diski ya nje ikilazwa huku mfumo unaitegemea, unapata kuganda kusikoelezeka. Weka alama kwenye "Start up automatically after a power failure" kama mashine ni ya ofisi.

Washa FileVault, kinga ya macOS inayofunga diski yote kwa nenosiri. SSD hii ina ukubwa wa kadi ya benki, ina hesabu zako zote, na inaning'inia nyuma ya kompyuta mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuichomoa na kuitia mfukoni. Nenosiri la akaunti peke yake halimzuii kuisoma kwenye Mac nyingine. Ufunguo wa dharura wa FileVault uandike, uuweke mbali na mashine.

Kuifunga mahali pake

Ukichomoa diski mashine ikiwa inafanya kazi, kila kitu kinaganda na faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika. Kwa hiyo ibandike SSD kwenye mguu wa iMac au nyuma ya mgongo kwa utepe wa gundi pande mbili, na uifunge kebo isivutike mtu anapofuta vumbi. Usiibandike pale juu penye matundu ya kutolea joto.

Kuna jambo jingine la mahali. Vifaa vya USB 3.0 hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo ya Bluetooth na Wi-Fi ya kawaida. Intel walilieleza hilo kwa kirefu mwaka 2012. Baada ya kuweka SSD, mausi ikianza kurukaruka au Wi-Fi ikapungua nguvu, isogeze diski sentimita chache, badilisha kebo, au hamia Wi-Fi ya 5 GHz.

Acha kama sehemu moja ya tano ya SSD ikiwa wazi. Mara nyingi macOS haitumi amri ya TRIM kupitia USB, yaani haiiambii SSD ni vyumba gani vimeachwa wazi, na diski iliyojaa sana hupunguza kasi ya kuandika.

Ile diski ya zamani

Iache kama ilivyo kwa wiki kadhaa, hadi uhakikishe hakuna kilichosahaulika. Baadaye unaweza kuifuta na kuifanya ghala la video, au mahali pa Time Machine. Nakala iliyo ndani ya mashine ileile haikuokoi mashine ikiibwa, lakini inakuokoa SSD ikifa, na SSD hufa bila kupiga kelele zozote za onyo. Kama diski ya ndani tayari inagonga, ya kugonga kweli, usiitegemee kwa lolote.

Ikigoma kuwaka

Folda yenye alama ya kuuliza maana yake mashine haijaiona diski ya kuwakia. Zima, chomoa na uchomeke kebo kwa nguvu, jaribu tundu jingine, washa ukishikilia Option. Ikionekana, rudi "Startup Disk" uichague upya. Hutokea hasa baada ya kufuta NVRAM, kwa kuwa kumbukumbu hiyo ndiyo inayotunza chaguo lako.

Duara lenye mstari katikati ni jambo tofauti: diski imeonekana, lakini macOS iliyomo haifai kwa mashine hiyo. Utaliona zaidi ukichomeka SSD yako kwenye iMac ya jirani iliyo ya zamani zaidi. Kwenye Mac ya Intel inayokubali toleo hilo, SSD ileile inawaka na mafaili yako yote, hivyo ubao mama wa iMac yako ukiungua, unaazima mashine nyingine ya namna hiyo na kuendelea na kazi mchana huohuo.